Juisi ya machungwa ya Brazili: bei imeshuka, mti bado unaumwa

Desemba 2024, kwenye soko la New York ambako juisi ya machungwa huuzwa kwa mikataba ya miezi ya mbele, bei ilivuka dola 5 kwa ratili. Miaka mitano kabla ya hapo ilikuwa ikicheza karibu na dola 1. Huko Ulaya baadhi ya viwanda vya vinywaji vikapunguza ujazo wa pakiti, vingine vikaacha kuuza juisi kamili na kuuza kinywaji chenye juisi kidogo, maji mengi na sukari. Kisha, ndani ya miezi michache ya mwanzo wa 2025, bei ikaporomoka hadi chini ya nusu.

Anayefuatilia bei peke yake atasema basi, tatizo limepita. Ukienda shambani, katika jimbo la São Paulo, utakuta michungwa yenye ugonjwa mwaka 2025 ni mingi kuliko mwaka 2024, na ya 2024 ilikuwa mingi kuliko ya 2023. Bei imeshuka na mti unaendelea kufa. Nataka kueleza jinsi mambo hayo mawili yanavyokwenda pamoja, kwa sababu yule mdudu anayeiangamiza michungwa ya Brazili ameshatua na huku kwetu.

Tuanze na ukubwa wa Brazili. Kati ya kila glasi 10 za juisi ya machungwa zinazouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, 7 hivi zimetoka huko. Na si Brazili nzima. Karibu yote inatoka kwenye ukanda mmoja unaochukua sehemu kubwa ya São Paulo na kuingia magharibi mwa Minas Gerais. Wabrazili wenyewe hawana mazoea ya kununua juisi ya pakiti. Machungwa ni ya bei nafuu, wanakamua nyumbani au kwenye duka la kona. Kwa hiyo viwanda vya ukanda huo vimejengwa kwa ajili ya watu wa mbali. Msimu wa 2024/25, nusu hivi ya juisi ilikwenda Umoja wa Ulaya, na kama mbili ya tano ilikwenda Marekani.

Sekta hii ilizaliwa na msiba wa wengine. Katika miaka ya 1950, mfalme wa juisi alikuwa Florida, Marekani. Huko ndiko, katika miaka ya 1940, ilikobuniwa njia ya kupunguza maji kwenye juisi na kuigandisha bila kuiua ladha. Desemba 1962 jalidi, yaani baridi ya kugandisha, ikaipiga Florida, michungwa ikakauka kwa mamilioni, na wanunuzi wakatafuta pengine. São Paulo ilikuwa na machungwa, ikapata mitambo, na mwaka 1963 shehena za juisi nzito zikaanza kuondoka. Kila Florida ilipopigwa na jalidi katika miaka ya 1980, Brazili ilipanda miti zaidi. Leo Florida imebaki jina. Msimu wa 1997/98 ilivuna masanduku milioni 244. Msimu wa 2024/25 ilivuna milioni 12 hivi. Vimbunga vimechangia, lakini kilichoivunja mgongo ni ugonjwa ule ule unaoitafuna Brazili sasa.

Sanduku ninalotaja hapa si kreti ya sokoni. Ni kipimo cha biashara: kilo 40.8 za machungwa.

Kiwandani, tunda hukamuliwa, juisi ikapitishwa kwenye mitambo inayovukiza maji mpaka tani 5 au 6 za juisi ya kawaida zinabaki tani 1 ya uji mzito wa rangi ya kahawia ya machungwa, mtamu kupita kiasi. Hugandishwa, husafirishwa kwa malori ya matangi hadi bandari ya Santos, na kuingia kwenye meli zilizotengenezwa kwa kazi hiyo tu, zenye matangi ya baridi tumboni. Zinashusha Rotterdam, au Ghent kule Ubelgiji, na huko maji yanarudishwa. Ganda na makapi hayatupwi: hukaushwa na kufinyangwa kuwa chakula cha ng'ombe, na mafuta ya ganda huuzwa kwa watengeneza manukato na sabuni. Siku hizi wanunuzi wengi wanataka pia juisi ambayo haijaondolewa maji. Hiyo ina ladha bora, lakini meli inabeba maji mengi njia nzima.

Juisi nzito ina sifa moja iliyojenga soko zima: inakaa. Unaweza kuihifadhi kwenye matangi mwaka huu ukaiuza mwaka ujao. Akiba hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwalinda wanywaji wasihisi msimu mbaya. Mvua ikikosekana São Paulo, matangi yanafunguliwa. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Sasa twende kwenye mti.

Wakulima wa Brazili si wageni wa magonjwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 kirusi waliyempa jina la tristeza, yaani huzuni, kiliua mamilioni ya michungwa iliyobebeshwa juu ya midanzi. Wakabadili mashina, wakabebesha juu ya ndimu ya Rangpur, wakasonga mbele. Mwaka 1987 ukaonekana ugonjwa mwingine unaodumaza matunda yakawa madogo na magumu kama gololi. Wakajifunza kuuishi. Kila mara palikuwa na mlango wa kutokea.

Mwaka 2004, kwenye mashamba ya karibu na mji wa Araraquara, São Paulo, ukaonekana ule ambao hadi leo hauna mlango. Wachina waliuita huanglongbing, na dunia nzima imechukua kifupi chake, HLB. Bakteria anayeusababisha anaishi ndani ya mishipa inayoshusha chakula kutoka kwenye majani kwenda kwenye matunda na mizizi. Anaiziba. Mti unaendelea kupika chakula juani, lakini chakula hakifiki kinakotakiwa. Mizizi inakufa njaa huku majani yamejaa wanga.

Ukiwa shambani, dalili ya kwanza ni tawi moja la njano katikati ya mti wa kijani. Lishike jani lake ulitazame dhidi ya jua. Jani lenye upungufu wa zinki au magnesi lina njano inayolingana kushoto na kulia kwa mshipa wa kati, kama mtu aliyekunja karatasi yenye wino. Jani la HLB halilingani: doa la njano upande huu, kijani upande ule, bila mpango. Kisha chuma tunda ulikate kwa urefu, kutoka kikonyoni. Tunda zima lina moyo ulionyooka. La mgonjwa limepinda, upande mmoja umenenepa na mwingine umenyauka, moyo umejikunja kama upinde, na mbegu ni ndogo, nyeusi, tupu. Sehemu ya chini inabaki kijani hata msimu ukiisha. Juisi yake ni chungu na chumvichumvi. Matunda mengi hayafiki hata hapo. Yanaanguka chini kabla ya kuiva, na tunda lililoanguka kiwanda hakilichukui.

Hakuna dawa ya kuuponya mti. Mti mchanga ukiambukizwa kabla ya kuanza kuzaa, hautazaa. Mkubwa utazaa kidogo zaidi kila mwaka. Baya kuliko yote, mti unaweza kukaa miezi mingi ukiwa na bakteria bila kuonyesha dalili, na muda wote huo unawagawia majirani.

Anayegawa ni mdudu wa urefu wa milimita 3, Diaphorina citri. Utamjua kwa mkao: ananyonya kichwa kikiwa chini na mkia umeinuliwa juu, kama mwiba uliochomwa mshazari kwenye jani. Wachanga wake wanatoa vijinyuzi vyeupe vya nta vinavyojikunja. Anataga kwenye machipukizi tu, kwenye majani ambayo bado hayajafunguka. Ndiyo maana mvua ya kwanza baada ya ukame, ambayo mkulima ameiomba, ndiyo pia inayoleta kundi jipya la wadudu, kwa sababu miti yote inachipua kwa pamoja.

Kila mwaka taasisi ya wakulima na viwanda iitwayo Fundecitrus, iliyoanzishwa mwaka 1977 na makao yake yako Araraquara, hupita mashambani kuhesabu. Mwaka 2022 ilikuta michungwa 24 kati ya 100 ina dalili. Mwaka 2023, 38. Mwaka 2024, 44. Mwaka 2025, karibu 48. Katika eneo la Limeira, ambako kilimo hiki kina mizizi mirefu, ni karibu 80 kati ya 100. Mruko wa mwaka mmoja, kutoka 24 hadi 38, ulikuwa na sababu zake, na moja ni kwamba wadudu walikuwa wamezoea sumu. Wakulima walipiga dawa zile zile miaka nenda rudi, mpaka zikawa kama maji.

Sababu nyingine ni ya kibinadamu, na naiona nzito zaidi. Nguzo moja kuu ya kuuzuia ni kung'oa mti mgonjwa mara tu dalili inapoonekana. Sheria ya shirikisho ilidai hivyo kwa muda mrefu. Mwaka 2021 ulazima ukabakizwa kwa miti isiyozidi umri wa miaka 8. Lakini fikiria mkulima mwenye mti wa miaka 12 ambao bado unampa nusu ya mavuno yake, wakati sanduku moja linauzwa, kama ilivyokuwa 2024, kwa zaidi ya reali 100, fedha ya Brazili. Aung'oe? Akiuacha, anavuna leo. Mdudu anayezaliwa hapo anavuka ua na kwenda kwa jirani aliyeng'oa miti yake yote migonjwa. Kwa hiyo bei kubwa, ambayo ilipaswa kuwa ahueni kwa mkulima, ilimpa sababu ya kuhifadhi mti unaoeneza ugonjwa. Mwenye miti 200 nyuma ya nyumba, ambaye hauzi kiwandani, hana hata habari.

Tukiwa na hayo mkononi, mwaka 2024 unaeleweka. Mwaka 2023 na 2024 joto na ukame viliupiga ukanda wakati wa maua. Maua yakakauka. Mavuno ya msimu wa 2024/25 yakawa masanduku milioni 230.87 badala ya milioni 307.22 ya msimu uliotangulia. Pengo la robo nzima, na mavuno madogo kabisa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Zamani Florida ingejaza. Sasa Florida haikuwepo. Zamani matangi yangefunguliwa. Lakini miaka kadhaa mfululizo ya mavuno yasiyotosha ilikuwa imeyamaliza: mwishoni mwa Juni 2024 akiba ya viwanda vikubwa vya Brazili ilikuwa karibu tani 117,000 za juisi nzito, wakati nchi ilikuwa imezoea kuuza nje karibu tani milioni 1 kwa mwaka. Hapo ndipo bei ilipopanda mpaka ikavuka dola 5.

Na kilichoishusha? Mvua ilirudi, miti ikachanua, na Mei 2025 makadirio ya kwanza ya msimu mpya yakataja masanduku milioni 314.6. Wakati huo huo wanywaji walikuwa wameshaondoka. Unywaji wa juisi ya machungwa Marekani na Ulaya ulikuwa ukipungua miaka mingi, watu wakiogopa sukari na kuacha kifungua kinywa cha mezani, na bei ya 2024 iliwasukuma waliobaki. Wengi hawajarudi. Watengenezaji walishazoea kuchanganya na tufaha, na shirikisho la kimataifa la wenye viwanda vya juisi lilifika mahali pa kujadili kama chenza iruhusiwe ndani ya kinachoitwa juisi ya machungwa.

Soko, basi, liliona mavuno yanaongezeka na wanunuzi wanapungua, likashusha bei. Halikukosea kwa msimu mmoja. Lakini mvua hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka, na ugonjwa unakwenda upande mmoja tu. Hata yale makadirio ya milioni 314.6 yalipunguzwa Septemba hadi milioni 306.74, na sababu mojawapo kubwa ni matunda yanayoanguka kabla ya wakati.

Kuna swali ambalo kila mkulima huuliza: fedha ilikwenda wapi? Msimu wa 2024/25 Brazili iliuza nje juisi pungufu kwa zaidi ya moja ya tano, lakini mapato yakapanda hadi karibu dola bilioni 3.5. Sehemu kubwa ya biashara hii iko mikononi mwa kampuni tatu: Cutrale, Citrosuco na Louis Dreyfus. Zina viwanda, matangi, vituo vya bandarini, na mashamba makubwa yao wenyewe. Mkulima wa kati anauza kwa mkataba wa miaka kadhaa au kwa bei ya siku, na wanunuzi anaoweza kuwaendea ni wachache wa kuhesabu kwa vidole. Mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo, CADE, ilichunguza kwa miaka mingi madai kwamba viwanda vilipanga bei ya kununulia machungwa, na Novemba 2016 ikafunga jambo hilo kwa makubaliano ambayo viwanda vililipa jumla ya reali milioni 301. Wakulima wengi wadogo walikuwa wameshatoka, mashamba yao yakawa ya miwa. Katika msimu wa ukame wa 2024 waliobaki walipata bei ambayo hawajawahi kuiona, lakini wengi wao walikuwa na matunda machache ya kuuza. Mwaka uliofuata matunda yakawepo na bei ya sanduku ikashuka sana.

Ushuru wa Marekani nitaupitia haraka, kwa sababu umeandikwa mno na uzito wake ni mdogo kuliko kelele zake. Kwa miongo mingi juisi nzito ya Brazili imelipa karibu dola 415 kwa tani kuingia huko, ukuta uliojengwa kuwalinda wakulima wa Florida. Julai 2025 Rais Donald Trump alipotangaza ushuru wa asilimia 50 kwa bidhaa za Brazili, juisi ya machungwa iliwekwa kando na nyongeza ile kubwa. Haikuhitaji huruma ya mtu. Marekani haina tena machungwa ya kutosha ya kujinywea.

Kwa sasa michungwa inahama. Fedha mpya zinakwenda majimbo ya Mato Grosso do Sul, Goiás, na kaskazini zaidi, kwenye ardhi iliyokuwa ya ng'ombe na soya. Mato Grosso do Sul imesema wazi kwamba mti mgonjwa hung'olewa, uwe wa nani, wa umri wowote. Nadhani huo ndio uamuzi wa maana kuliko yote yaliyofanyika tangu 2004, kwa kuwa unamwondoa mkulima kwenye mtego wa kuchagua peke yake. Gharama yake ni kubwa: huko kuna joto zaidi, mashamba yanahitaji umwagiliaji, na viwanda viko mbali, kwa hiyo malori yanabeba machungwa mamia ya kilomita kurudi São Paulo kukamuliwa. Mti uliopandwa leo utaanza kuzaa vizuri baada ya miaka 4 au 5.

Sasa niseme la huku kwetu.

Afrika Mashariki tuna HLB yetu ya zamani, inayoenezwa na mdudu mwingine, Trioza erytreae. Huyo anapenda baridi. Amesumbua michungwa ya nyanda za juu za Kenya na Tanzania kwa miongo mingi, lakini joto linamshinda. Hii ni sababu mojawapo ya machungwa kustawi tambarare za Pwani, na Muheza kuwa Muheza: malori yakijaa msimu mzima, mengine yakielekea Dar es Salaam, mengine yakivuka Horohoro kwenda Mombasa. Joto letu lilikuwa kinga yetu.

Mdudu wa Brazili haogopi joto. Mwaka 2016 watafiti walichapisha taarifa ya kumkuta Diaphorina citri Morogoro, na baada ya hapo akapatikana Kenya. Bakteria wa aina ya Asia, yule yule wa São Paulo, alikuwa ameshatajwa Ethiopia mwaka 2010, na mwaka 2020 akatajwa Kenya. Na mdudu huyu hahitaji mchungwa ili azaliane. Anaishi vizuri kwenye mti wa mvuje, ule ambao majani yake hutiwa kwenye mchuzi, na ambao umesimama nyuma ya nyumba nyingi za miji ya Pwani.

Sisi hatuna matangi ya Santos wala meli za juisi. Machungwa yetu yanaliwa yakiwa machungwa, yamemenywa kwa kisu na kuwekwa chumvi na pilipili kwenye kona ya stendi. Lakini kuna jambo moja ambalo Brazili ililifanya mapema na ambalo halihitaji kiwanda. Tangu Januari 2003 jimbo la São Paulo limekataza kuuza mche wa mchungwa uliokuzwa nje. Kila mche unakuzwa ndani ya banda la wavu wenye matundu madogo kiasi kwamba mdudu wa milimita 3 hapiti. Walifanya hivyo kwa sababu ya ugonjwa wa 1987, mwaka mmoja kabla HLB haijaonekana, na wengi wanaamini bila hatua hiyo ukanda wote ungeshakwisha.

Kwetu miche mingi bado inakuzwa wazi, chini ya kivuli cha mwembe, ndani ya vifuko vyeusi, inamwagiliwa mpaka inachipua vizuri kwa sababu mche uliochipua ndio unaovutia mnunuzi. Kisha inafungwa nyuma ya bodaboda kwenda kijiji kingine, au kupakiwa kwenye Fuso kwenda wilaya nyingine. Ukinunua, kabla ya kulipa, fungua kwa kucha yale majani madogo ya juu kabisa yaliyojifunga kama ngumi. Mayai ya mdudu huyo, kama yapo, yako humo ndani, ya rangi ya njano inayoelekea chungwa, yenye umbo la lozi, madogo sana, yamesimama kwa safu kwenye mkunjo wa jani.